Kimo Hakifuati Mpaka

Siku ya kuniaga, walimu vijana wa shule yangu ya mwisho waliniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikifundisha maswali ya eneo katika mtihani wa kuingia sekondari. Nilikubali papo hapo, kwa sababu mtu aliyetoka kupewa blanketi na thamosi mbele ya watu hana nguvu ya kukataa. Hiyo ni miezi saba iliyopita. Katikati hapo nimemzika mke wangu, Nkirote, na daftari likakaa mezani bila kufunguliwa. Sasa nimelifungua.

Mjue kwanza mnayemsoma. Elimu yangu iliishia kidato cha pili. Cheti cha ualimu nilikipata baadaye, kwa kozi za likizo. Nimefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo kuna mitatu niliyofundisha uongo. Nitafika huko.

Nilianzia Mbeere, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kiritiri, Uhuru ukiwa haujafikisha miaka kumi. Nilifika na sanduku la mbao na viatu vya kuazima ambavyo vilikuwa vikubwa kwangu. Mwalimu mkuu aliitwa Nthiga, mtu mwembamba, mpole, aliyependa kuongea huku akitazama pembeni kama anayemwambia mtu mwingine. Alinipa hesabu za darasa la saba asubuhi ile ile.

"Mimi sijawahi kufundisha, Mwalimu," nikamwambia.

"Najua," akajibu. "Wengine wote wamewahi, ndiyo maana wamekataa."

Wakati huo shule ya msingi iliishia darasa la saba, na mtihani wa mwisho ndio uliokuwa mlango. Karatasi ya hesabu ilikuwa ya kuchagua jibu kati ya manne. Watoto wengi waliweza kujumlisha na kugawanya. Palipowatoa jasho ni kwenye michoro: duara ndani ya mraba, njia iliyozunguka bustani, sehemu iliyotiwa kivuli, nawe uambiwe utafute eneo la kile kivuli. Mtoto hodari angeona umbo ambalo halina jina, akaanza kutafuna kalamu.

Nthiga hakuwa na kitabu kizuri, lakini alikuwa na njia. Alinitoa nje, akachora umbo mavumbini kwa kijiti. "Usitafute eneo la kivuli," akasema. "Tafuta kitu kizima kilichokuwapo kabla ya kukatwa. Halafu tafuta kilichoondolewa. Kivuli kitabaki chenyewe." Mraba wa futi kumi na nne una futi za mraba mia na tisini na sita. Duara linaloujaza lina mia na hamsini na nne. Zinazobaki pembeni ni arobaini na mbili, na huna haja ya kujua jina la zile pembe nne zilizochongoka. Njia hiyo nimeitumia mpaka siku ya mwisho. Kama hamtachukua kingine humu, chukueni hicho.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Mbuzi amefungwa kwenye pembe ya ghala, kwa nje, kwa kamba ya futi saba, na kuta za ghala ni ndefu kuliko kamba. Anaweza kula nyasi za eneo gani? Niliwachorea ubaoni. Msichana mmoja wa mbele, binti wa mchoma makaa, akainua mkono.

"Mwalimu, huyo mbuzi ni wa nani?"

"Wa mtihani."

"Basi wa mtihani ni mjinga. Wetu angekula kamba kwanza."

Darasa likaangua kicheko. Nilikasirika, nikaenda kumshtaki kwa Nthiga. Nthiga alicheka zaidi yao. Kisha akaniambia niende nikaazime mbuzi. Tulimfunga kwenye pembe ya ofisi, tukampa mche wa mahindi kila mahali alipofika, na watoto wakaweka kokoto. Mbuzi alichora robo tatu za duara. Kule ambako ofisi ilimzuia hakufika, na hakuna mtoto aliyehitaji kuambiwa. Futi za mraba mia moja na kumi na tano na nusu. Hakula kamba, ingawa alikula kona ya rejista.

Hapo nilijifunza kwamba mtoto wa mahali fulani anakuja darasani na jambo analolijua kwa miguu yake. Likiwa sawa, linakusaidia. Likiwa na kosa, linakushinda, hasa kama wewe mwalimu umekulia mahali pale pale. Hilo la pili Nthiga hakuniambia. Hakuwa mtu wa mlimani.

Baada ya miaka miwili nilihamishwa kurudi upande wetu, shule iliyo jirani na Githongo. Nilimwoa Nkirote mwaka huo. Yeye alikuwa fundi wa nguo. Alisoma mpaka darasa la saba, akakosa nafasi, akanunuliwa mashine ya kushona badala yake, na mashine hiyo ikakaa kwenye varanda yetu maisha yake yote.

Kwetu ardhi haikai chini, imeegemea. Barabara iko juu mgongoni mwa kilima, mto uko chini, na mashamba ya kahawa ni mapande marefu yanayoshuka kutoka barabarani mpaka mtoni. Mengine yanashuka moja kwa moja. Mengine yanashuka yakienda upande, kama mtu aliyebeba mzigo kwenye utelezi. Kabla ya wapimaji wa serikali kuja, watu walipima kwa hatua: hatua kadhaa juu barabarani, halafu hatua za kushuka kando ya mpaka, ukifuata ua wa mnyaa uliopandwa mpakani. Nikiwa mdogo nilimfuata baba yangu akihesabu hivyo. Ndiyo sababu naliita jambo nililolijua kwa miguu.

Sasa, kuna umbo liitwalo msambamba. Ni mstatili uliosukumwa ukalala upande. Eneo lake ni kitako mara kimo. Mbeere halikuwahi kutokea katika mitihani ya miaka yangu miwili, na mimi sikulitafuta. Huku kwetu nikalipenda mara moja, kwa sababu shamba la kahawa la shule lilikuwa na umbo hilo hasa. Niliwatoa watoto nje kwa fahari. Tukahesabu hatua barabarani: thelathini. Tukashuka kando ya mpaka, tukihesabu kwa sauti: hatua arobaini. "Kitako thelathini, kimo arobaini," nikasema, "eneo ni elfu moja na mia mbili." Watoto walifurahi. Kila mmoja alikwenda nyumbani akapima la baba yake.

Kitabu kilikuwa na mstari wa nukta ndani ya ule mchoro, uliosimama wima kutoka kitako mpaka juu. Nilidhani ni mapambo ya mchoraji.

Nilifundisha hivyo miaka mitatu. Nilitunga majaribio yangu mwenyewe na kuyasahihisha mwenyewe, kwa hiyo kosa langu lilipata alama zote.

Mwaka wa tatu nilikuwa na msichana aitwaye Kathure, binti wa Mzee M'Ikiugu. Alikuwa wa kwanza darasani, mkimya, mwenye mwandiko uliosimama kama uzio. Baba yake alikuwa ametangaza mbele ya kila mtu kwamba atamlipia msichana huyu sekondari akipita, na kwamba asipopita hatarudia darasa, ataenda mjini Maua kumsaidia shangazi yake dukani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba na neno moja.

Matokeo yalipokuja, Kathure alikosa nafasi kwa alama tatu.

Alikuja nyumbani kwangu kunirudishia rula. Nikamwuliza kuhusu karatasi ya hesabu. Akaniambia maswali yote ya eneo aliyafanya, tena mawili yalikuwa ya msambamba, "na nilichagua kama ulivyotufundisha, Mwalimu." Akainama kidogo, akaenda zake.

Mwalimu mkuu alikuwa na nakala ya ule mtihani. Niliiazima, nikakaa nayo kwenye varanda mchana, Nkirote akishona sare upande wa pili. Nilichora msambamba wa swali lile kwenye gazeti alilokuwa akikatia vielelezo vya nguo. Kitako inchi kumi na nne, ubavu uliolala inchi kumi, na kile kimstari cha nukta, inchi nane. Nikazidisha kwa sauti kumi na nne kwa kumi. Nkirote akaacha kukanyaga mashine.

"Mia moja na arobaini ya nini?"

"Ni eneo la hii."

"Hiyo karatasi? Haifiki."

"Nkirote, hii ni hesabu."

"Na mimi ninakata nguo. Lete."

Alichukua mkasi wake mkubwa, akakata kile kimstari cha nukta nilichodhani ni pambo. Pembetatu ikatoka mwishoni mwa umbo. Akaisogeza mpaka upande wa pili, ikakaa sawasawa kama mkono unavyoingia kwenye bega la shati. Mbele yangu pakawa na mstatili.

"Pima sasa."

Nikapima. Kumi na nne kwa nane. "Mia moja na kumi na mbili," nikasema.

"Na zile ishirini na nane nyingine uliziona wapi?"

Akanitazama, akaona kwamba si utani tena.

"Umewafundisha wangapi hivyo?"

"Madarasa matatu."

Aliweka mkono kwenye gurudumu la mashine, lakini hakuikanyaga.

Siwezi kuapa kwamba ni maswali yale mawili yaliyomwangusha Kathure. Huenda alikosea na mengine. Lakini nilijua kwamba hayo mawili aliyakosa kwa sababu ya utii, na kwamba mtoto aliyepungukiwa alama tatu anakwenda Maua akiamini kwamba hana akili. Kazi yangu ilikuwa wazi: niende kwa M'Ikiugu, niseme kosa ni langu, niombe mtoto arudie. Orodha ya wanaorudia ingefungwa Ijumaa ya wiki ya kwanza ya muhula.

Nilikaa siku tisa bila kwenda. Nitasema kwa nini. Sababu ya kwanza ni woga wa kawaida. Nilikuwa mwalimu asiye na cheti, na barua moja ya wazazi ingetosha kunirudisha shambani. Sababu ya pili ilitoka kwa Nkirote, na ilikuwa nzito zaidi.

"Unajua ukimwonyesha M'Ikiugu hiyo karatasi, umemwonyesha na shamba lake," aliniambia.

Habari hiyo kila mtu aliijua. M'Ikiugu na ndugu yake Kiambi walikuwa wamerithi mapande mawili kwenye mgongo ule ule, kati ya barabara ile ile na mto ule ule. Kila pande lilikuwa na hatua sitini barabarani. La Kiambi lilishuka moja kwa moja, hatua mia na themanini. La M'Ikiugu lilishuka likienda upande, na wazee walipohesabu kando ya mpaka walipata hatua mia mbili na sabini. Wakaona M'Ikiugu amependelewa. Wakamkatia Kiambi hatua kumi kutoka kwa ndugu yake, kuanzia barabarani mpaka mtoni, ili wawe sawa. Wapimaji wa serikali walipofika waliandika mipaka kama walivyoikuta. Kiambi alijenga nyumba yake kwenye zile hatua kumi, kwa kuwa zilikuwa karibu na njia ya maji.

Sasa kateni karatasi wenyewe. Mapande yale mawili yalikuwa sawa tangu mwanzo. Wazee walikuwa wamefanya kosa langu, na wao hawakuwa na kitabu cha kuwaonya.

"Nikinyamaza, mtoto anakwenda Maua," nikamwambia Nkirote.

"Najua."

"Nikisema, nitawasha moto kati ya nyumba mbili."

"Hilo nalo najua. Chukua mkasi wangu. Wako hauna makali."

Nilikwenda Alhamisi asubuhi. M'Ikiugu alikuwa akipogoa kahawa. Aligeuza debe nikalie, naye akabaki amesimama na msumeno wake mdogo. Tuliongea Kimeru, nami naandika Kiswahili, kwa hiyo ukali umepungua kidogo.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya Kathure. Naomba arudie darasa."

"Hilo nililisema, Mwalimu. Nikilirudia nitaonekana kasuku."

"Hakushindwa yeye. Nilimfundisha vibaya."

Akacheka. "Walimu mna huruma. Mwaka jana mlisema mvua ndiyo iliyowasumbua. Mwaka huu ni wewe."

"Ni mimi kweli. Kuna jambo la eneo nililifundisha kinyume, miaka mitatu."

"Jambo gani?"

"La kupima umbo lililolala upande."

Akaweka msumeno chini. "Umekuja kwangu asubuhi kuniambia umekuwa ukidanganya watoto. Mtu hasemi hivyo bure. Nionyeshe."

"Mzee, ukikubali neno langu yatosha."

"Neno lako ndilo lililomwangusha mtoto, kama unavyosema. Nionyeshe."

Basi nikatoa gazeti na mkasi. Nilikata msambamba. Kando yake nikakata mstatili wenye kitako kile kile na kimo kile kile. Kisha nikaondoa pembetatu upande mmoja wa msambamba, nikaihamishia upande wa pili, nikalaza moja juu ya nyingine. Zikafunikana.

Mtu aliyeshinda maisha yake yote akitazama mipaka haelezwi mara mbili. Niliona macho yake yakitoka kwenye karatasi, yakaenda kwenye mnyaa, yakashuka nao polepole mpaka mtoni, halafu yakapanda kurudi barabarani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia kwa kipande kingine.

"Kwa hiyo wazee walipohesabu kando ya mpaka..."

"Walihesabu kama nilivyofundisha mimi."

"Hatua kumi."

"Ndiyo, Mzee."

Ng'ambo ya mnyaa, mjane wa Kiambi alikuwa akipepeta maharagwe. Kiambi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kaburi lake lilikuwa kando ya nyumba, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Tuliweza kuusikia ungo ukitikiswa. M'Ikiugu akashusha sauti.

"Nani mwingine ameona karatasi hii?"

"Mke wangu. Yeye ndiye aliyeikata kwanza."

"Ana maneno?"

"Anaongea na mashine tu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha kidole kwenye yale mawe meupe. "Kiambi amelala pale. Unataka nimwambie mkewe amsogeze?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hilo limekwisha." Aliinama akaokota ile pembetatu ya gazeti, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Vipande vingine aliniachia. "Mtoto aje Jumatatu?"

"Aje kesho. Orodha inafungwa kesho."

"Na utamfundisha hivi ulivyonifundisha mimi?"

"Hivi hivi."

"Mwalimu," akasema akiokota msumeno wake, "sijawahi kuona mtu akiniletea hasara kubwa hivyo kwa karatasi ya gazeti. Nenda. Kahawa inaningoja."

Kesho yake Kathure alikuwa wa kwanza getini. Nilisimama mbele ya darasa la saba, nikawaambia kwamba kwa miaka mitatu nilifundisha kosa, nikalitaja, nikawapa magazeti wakate wenyewe. Nilimwambia mwalimu mkuu pia. Alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu, kisha akasema, "Usiandike popote, lakini usirudie." Wazazi wawili walikuja na maneno makali, nami niliyasikiliza kwa sababu yalikuwa ya haki.

Wale wa madarasa yaliyokwisha kutoka sikuweza kuwapata wote. Kila nilipokutana na mmoja sokoni nilimwambia. Kijana mmoja aliyeuza mafuta ya taa alicheka: "Mwalimu, mimi niliangushwa na Kiingereza. Usijichukulie sifa zangu." Mwingine, msichana aliyekuwa tayari na mtoto mgongoni, hakucheka. Alinitazama tu, akaendelea kuchagua vitunguu. Huyo namkumbuka zaidi kuliko wote waliopita.

Kathure alipita. Alipita kwa bidii yake, na kwa alama nyingi kuliko zile ambazo msambamba ungeweza kumpa, kwa hiyo msinipe sifa zisizo zangu. Alikwenda bweni, baadaye akawa muuguzi, na sasa yuko Embu. Baba yake alikufa bila kulitaja lile jambo la hatua kumi. Nilimwuliza Kathure kama naweza kuliandika. Akasema binamu zake walikwisha kuambiwa, wakaung'oa mnyaa, wakapanda parachichi bila kupima.

Tangu mwaka ule nilifundisha na mkasi. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza kama mimi ni mwalimu wa ushonaji. Nilimwambia nimeoa fundi. Umbo lolote lililokushinda kwa macho, litoe kwenye karatasi ulikate. Pembetatu ni nusu ya mstatili, kata uone. Njia inayozunguka bustani ni mstatili mkubwa ukaondoa mdogo, kata uone, na kumbuka njia iko pande zote mbili, kwa hiyo upana wake unaongezwa mara mbili. Mtoto akikosea hapo atakuwa ameongeza mara moja, wala usimchape. Mpe karatasi. Na kila mwaka, kabla ya kuingia msambamba, nilikuwa nikilitoa darasa mpaka kwenye shamba la shule, tukahesabu hatua kando ya mpaka, tukapata jibu la uongo, na tukaliandika ubaoni kwanza. Halafu tulinyoosha kamba kutoka barabarani, ikiwa imesimama mraba na barabara, mpaka usawa wa mto. Kimo ni hiyo kamba. Kimo hakifuati mpaka.

Mkasi wenyewe msiniombe. Nunueni wenu.

Nkirote aliugua miezi minne. Sina la kuandika juu ya miezi hiyo ambalo lingemsaidia mwalimu yeyote. Alikufa alfajiri ya Jumapili, na tukapanga kumzika nyumbani, juu ya kahawa, mahali ambapo alipenda kuanika vitambaa.

Asubuhi ya maziko vijana wa jirani walikuja kuchimba. Nilikuwa nimewekwa kwenye kiti chini ya turubai, na kila aliyepita alinibonyeza bega, nisiinuke. Kutoka pale niliwaona wakipima. Walikuwa na urefu wa jeneza kwenye kamba, wakailaza kamba juu ya majani, kufuata mteremko, wakapiga vigingi juu na chini. Wakaanza kuchimba.

Niliinuka. Mtu akasema, "Keti, Mwalimu," nami nikaendelea kwenda. Niliingia ndani, nikachukua kibunda cha uzi kwenye droo ya mashine, nikatoka nacho mpaka kaburini.

"Simameni kidogo," nikawaambia. "Hapa mmepima mteremko. Shimo chini ni tambarare. Litakuwa fupi."

Aliyekuwa na sururu nilimfundisha darasa la sita. Akanitazama kwa huruma, kama wanavyomtazama mfiwa aliyechanganyikiwa. "Mwalimu, kamba ni ya jeneza lenyewe. Haiwezi kukosea."

"Kamba haijakosea. Imelala vibaya."

Nikatafuta wa kunishikia upande wa pili. Kathure alikuwa amefika kutoka Embu saa ile ile, bado amebeba mkoba. Aliuweka chini, akashika ncha ya uzi bila kuuliza.

"Dada, hapa ni kazi ya wanaume," kijana mmoja akasema.

"Basi ifanyeni vizuri," akajibu.

Yeye alishika uzi kwenye kigingi cha juu, chini kabisa, karibu na udongo. Mimi nilisimama kwenye kigingi cha chini, nikauinua mpaka ukalala kama maji yanavyolala. Kisha nikafunga kijiwe kwenye uzi mwingine, nikauacha uning'inie wima kutoka mkononi mwangu. Tukapima ule uliolala kwa kamba yao ya jeneza. Walikuwa wamepungukiwa na upana wa kiganja, nikasogea chini na uzi mpaka urefu wa jeneza ukatimia.

Vijana wakainama kutazama. Yule wa sururu akajikuna kichwa.

"Mwalimu, hata hapa?"

"Hata hapa."

Akang'oa kigingi cha chini, akakisogeza mpaka pale kijiwe kilipoelekeza, akaanza kuchimba. Nilirudi kwenye kiti changu. Saa nane walimshusha Nkirote kwa kamba mbili, polepole, na jeneza likaenda chini likiwa limelala sawa, bila kugusa ukuta upande wowote.